Goti la Udamaiga

Mwaka jana nilialikwa kwenye sherehe ya shule moja kule Daudi, upande wa Mbulu. Siku hizi nikialikwa mahali napewa kiti cha mbele na soda ya moto, kwa sababu nimestaafu, na mtu akistaafu anahesabiwa kuwa na hekima hata kama maisha yake yote alikuwa na brashi tu. Wasichana wakaingia kucheza. Walikuwa wamependeza kweli, shanga mpaka kifuani, bangili zinalia, na kila mmoja amefunga kitambaa cheupe kwenye goti la kulia. La kushoto halina kitu. Ngoma ilipoisha nikamwita mmoja wao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho cheupe cha gotini ni nini?"

"Ni cha jadi, bibi. Mababu walikuwa wanafunga wakienda vitani."

"Mababu gani?"

Akafikiri. "Wa zamani."

Sikumbishia. Mtoto alikuwa anahema, na mwalimu wake alikuwa anatuangalia. Lakini ninyi mnaojifunza kazi ya kuchora, nawaambia: babu huyo wa vitani namfahamu. Ni mwanamke, yuko hai, anaishi kwenye tambarare chini ya mlima Hanang, na kile cheupe alikinunua duka la dawa Katesh. Vitani hakwenda. Goti lilikuwa linamuuma. Na aliyemweka ukutani mpaka akawa babu wa watu ni mimi.

Kwa asiyenijua, naitwa Paskalina, mzaliwa wa Endagikot. Wenye maduka wananiita Mama Rangi. Nilichora mabango ya mabucha, saluni, mashine za kusaga na zahanati, nikachora na ramani za Afrika kwenye kuta za shule. Kama uliwahi kupita kati ya Mbulu na Katesh ukaona ng'ombe wa ukutani anatabasamu, ni wangu wa miaka ya mwanzo. Nilikuwa nadhani mteja akilipia ng'ombe anataka na furaha ndani yake.

Aliyenifundisha ni marehemu fundi Lohay, mtu mwembamba mwenye sweta la kijani ambalo kwa mbele lilikuwa na rangi ya kila duka la Mbulu. Mama yangu alinipeleka kwake nimpikie uji. Nikawa naangalia brashi kuliko sufuria, uji ukaungua, siku ya pili ukaungua tena, fundi akasema afadhali nishike hiyo brashi, yeye atakula kwa jirani. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Lohay alikuwa na usemi wake: herufi ni kama ng'ombe mlangoni pa zizi, ukizisukuma zote kwa pamoja moja itavunjika mguu. Maana yake upime kwanza. Pata katikati ya ukuta, pata katikati ya maneno, piga kamba yenye vumbi la chaki, ndipo uanze. Nilimsikia vizuri. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu, NYUMBA YA WAGENI, nilianza kushoto bila kupima, herufi kubwa, nzuri, zenye kivuli, na nilipofika WAGE ukuta ukaisha. Herufi mbili zilizobaki nikazishusha chini karibu na bomba, ambako mgomba ulizifunika.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuuliza Wage ni nani. Na ninyi mnawajua watu, hakuna swali linalokosa wa kulijibu. Wengine wakasema ni mzee mmoja aliyetokea Karatu, mpole, mwenye ng'ombe wengi. Mwenye nyumba alinifokea mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaanza kuitika. Alizikwa kwa jina hilo, Mzee Wage, na msalaba wake niliuandika mimi. Safari hiyo nilipima.

Jambo moja Lohay hakuliweza, nalo ni miguu. Watu wake wote aliwasimamisha kwenye majani. Wachungaji kwenye majani, sawa. Wanafunzi kwenye majani, tuseme walikuwa mapumziko. Lakini alimchora mtakatifu mmoja amesimama ndani ya kanisa, kwenye sakafu ya marumaru, na bado akamwoteshea majani mpaka kwenye vifundo. Padri alipouliza, Lohay akajibu kwamba palipo na utakatifu panaota.

Mimi nikasema miguu nitaijua. Siku za mnada nilikuwa nakaa chini pembeni na daftari la shule, nachora miguu inayopita. Ya wafugaji iliyovaa kandambili za tairi, ya akina mama waliobeba ndoo, ya madalali waliovaa viatu vilivyochongoka. Mkitaka kujua kuchora mtu, anzeni na miguu. Uso unajipanga ukiona unaangaliwa. Mguu haujui kama unaangaliwa.

Sasa tuje kwenye goti.

Mabango ya kuchapwa yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka Babati, yanakuja yamekunjwa kama mkeka, herufi zimenyooka, picha ya kuku wa kukaanga kama vile atakulamba yeye. Kazi zikapungua. Ndipo Mzee Ombay wa Katesh akanitafuta. Alikuwa amejenga ukumbi wa harusi na mikutano, mkubwa, paa jekundu, na ukuta wa nje unaotazama uwanja aliuacha mtupu makusudi.

"Nataka mchezaji ngoma," akasema. "Mwanamke wa Kibarbaig, anaruka, miguu haigusi chini. Anacheka. Nyuma yake mlima Hanang wenye theluji."

"Mzee, Hanang hauna theluji."

"Najua. Mimi nimezaliwa wapi?"

"Sasa?"

"Mgeni atajuaje?"

Akanielekeza niende Endasak, kuna kikundi cha ngoma kitacheza kufunga mashindano ya mpira. "Kuna mama anaitwa Udamaiga," akasema. "Ukimwona akiruka utasahau ulichojia."

Nikaenda. Mwenyekiti wa kikundi, mzee mmoja mrefu anayeitwa Gidahoda, akaniambia wachezaji wanajiandaa nyuma, nipite tu maana mimi ni mwanamke. Nyuma yenyewe ilikuwa turubai lililofungwa kutoka kwenye lori la Fuso mpaka dirisha la darasa. Huku uwanjani spika zinanguruma, watu wanapiga miluzi. Kule ndani mambo mengine kabisa. Mmoja anajipaka mafuta mabegani. Mmoja anatafuta hereni iliyodondoka kwenye nyasi, anailaani kwa jina. Mmoja anajitazama kwenye simu kama kioo. Sketi za ngozi zimetandazwa kwenye dawati, na bibi mmoja anashona ushanga uliokatika huku akiwaambia wote kwamba zamani shanga hazikuwa zinakatika.

Na kwenye kreti ya soda iliyogeuzwa, mgongo umeegemea tairi la lori, ameketi mama mmoja amenyoosha mguu wa kulia. Alikuwa anajifunga bandeji kwenye goti. Anaizungusha taratibu, anavuta, anakunja uso, anazungusha tena. Pini ya kufungia ameishika kwa meno.

Hapo tukatazamana. Kila mmoja alikuwa anapima nani amtolee mwenzake shikamoo, maana umri wetu ulikuwa karibu. Akaitoa pini mdomoni.

"Wewe mtoto wako wa kwanza ana wajukuu?"

"Hapana. Ana watoto tu."

"Wangu ana wajukuu."

"Basi shikamoo dada."

"Marahaba." Akairudisha pini kwenye meno. "Wewe ndiye mchoraji wa Mzee Ombay. Mtu wa mlimani."

"Ndiye mimi," nikasema, maana Wabarbaig wa tambarare ndivyo wanavyotutania sisi wa Mbulu.

"Chora."

"Nasubiri utoke. Mzee anataka ukiwa unaruka."

Akafunga pini, akalipigapiga goti kama mtu anayemtuliza ndama. "Kuruka kwangu nani hajakuona? Kutoka Basotu mpaka Katesh wameona. Hapa nilipo hajafika mtu." Akainamisha kichwa kuelekea turubai. "Yule mwenyekiti ni shemeji yangu. Nimemwambia, shemeji, goti limekwisha, niache. Ananiambia, mbona jana uliruka? Nikiruka, siumwi. Nisiporuka, nina uvivu. Nimpe jibu gani?"

"Kataa."

"Nikikataa wanasema watu hawatatuita tena, wanakuja kumwona Udamaiga. Na hawa wasichana ngoma hii ndiyo inawapa sabuni." Akaniangalia. "Daktari ameniambia nikiendelea nitatembea kwa fimbo mbili. Nimewaambia na hilo. Wamecheka. Wamesema mimi na fimbo mbili nitaruka zaidi."

Wasichana waliokuwa karibu walicheka kweli, halafu wakaona mimi sicheki, wakaendelea na mafuta yao.

"Nichore hivi," akasema. "Hivi nilivyokaa. Mtu akisema kwa mdomo haaminiwi. Ukuta unaaminiwa."

Mimi niliyembatiza mtu mzima jina la Wage kwa kukosa kupima sikuwa na la kubisha. Nikakaa chini, nikatoa penseli.

Gidahoda akaita kutoka nje, "Bado?" Udamaiga akasimama kwa kushika tairi, akavaa sketi juu ya bandeji, akatoka. Na kweli, wanangu, alipanda. Wengine walikuwa wanaruka, yeye alikuwa anaondoka. Na uso unacheka, umeng'aa, kwa sababu huko juu goti halina kazi. Nikaacha kuangalia uso. Nikaangalia mguu ukirudi chini. Kila ukigusa udongo, vidole vilijikunja kama mkono unaotafuta pa kushika. Watu wote walikuwa wanatazama angani. Aliporudi nyuma ya turubai hakukaa, alianguka juu ya kreti, akafunga macho, akasema neno moja kwa lugha yake ambalo sikulielewa na sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikaamua. Mzee Ombay angepata alichohitaji, sio alichoagiza.

Mpate na ufundi kidogo hapa, kwa sababu ndio mlioniomba niandike. Katesh kuna upepo wenye vumbi kutoka tambarare, unaanza jua likipanda. Ukipaka rangi ya mafuta mchana, jioni una ukuta wa msasa. Paka asubuhi na mapema, kisha tundika shuka lisilogusa ukuta. Ngozi ya mtu mweusi msiitafute kwenye kopo la kahawia. Kopo la kahawia ni la milango. Changanya nyekundu, njano na buluu kidogo sana, halafu pale jua linapogusa bega usiweke nyeupe, weka buluu iliyopauka, maana ngozi iliyopakwa mafuta inaonyesha mbingu. Bangili za shaba zisiwe za njano tupu, zitafanana na ndizi. Zipake kahawia, mstari mwembamba wa njano, na nukta moja nyeupe. Moja! Na bandeji nyeupe haipakwi nyeupe. Niliweka kijivu chenye kahawia kwenye mikunjo, na nyeupe yenyewe nikaiweka mwisho, pale tu inapobana. Mguu uliobaki, ule mzima, niliukanyagisha chini kwenye udongo mtupu, vidole vyote vinaonekana. Jani hata moja hakuna. Nilimkumbuka Lohay.

Wakati huo Mzee Ombay alikuwa Arusha kutafuta viti. Akapiga simu, mtandao unakatika.

"Umemchora?"

"Nimemchora anajiandaa kuruka."

"Anaruka! Vizuri sana."

Simu ikakatika. Mimi nilisema nilichosema.

Alirudi siku moja kabla ya ufunguzi wa ukumbi, viti viko kwenye lori, akaja moja kwa moja ukutani akavuta shuka.

"Huyu amekaa," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeagiza anayeruka, umenipa aliyekaa. Tena kwenye kreti. Kreti ya soda! Tena mgonjwa! Watu wataingia harusini wanamkuta mgonjwa!" Akasogea. "Na theluji iko wapi?"

"Imeyeyuka, mzee."

Nilidhani atanipiga na kiti. Akasema nifute, nichore mwingine, nina usiku mzima. Nikamweleza kwamba rangi ya mafuta haikauki kwa amri, na nikipaka leo, kesho mgeni rasmi akiegemea ukuta ataondoka na nusu ya mchezaji mgongoni. Akasema basi tuweke pazia. Lakini kwenye kadi za mwaliko alishaandika mwenyewe kwamba mgeni rasmi atafunua mchoro. Alizunguka ukumbi wake akiongea peke yake, akarudi, akasema, "Mungu anakuona, Paskalina." Nikasema najua.

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mkubwa kutoka mkoani, cheo chake nakiacha, mnene, mchangamfu, amevaa kitenge kilichonyooka. Alishuka kwenye gari polepole kwa kushika mlango, akapanda zile ngazi tatu za jukwaa kana kwamba kila moja ina deni naye. Sikulitilia maanani. Kikundi kilikuwa nyuma ya turubai lilelile, safari hii limefungwa kwenye uzio wa Mzee Ombay. Mimi nilisimama karibu na turubai, mahali ninapoona pande zote mbili na pia njia ya kuondokea.

Shuka likavutwa. Watu wakapiga makofi yale ya kuanza kabla ya kuona, kisha makofi yakapungua. Mgeni rasmi akausogelea ukuta, akauangalia muda mrefu.

"Huyu mama anaonekana anafikiri sana," akasema kwenye kipaza sauti. "Na hiki cheupe cha gotini ni nini?"

Na hapo akaingia mshereheshaji, kijana wa suti ya buluu ambaye alikuwa haachi kuongea hata akimeza mate.

"Mheshimiwa, hiyo ni alama ya jadi! Wazee wetu walifunga nyeupe gotini kuashiria amani na ushujaa! Bila hiyo, mchezaji haruki!"

Lile la mwisho, kwa bahati tu, lilikuwa kweli.

Watu wakashangilia. Wazee wa Kibarbaig waliokuwa mstari wa pili wakaangaliana, mmoja akataka kusimama, mwenzake akamvuta koti. Mzee Ombay akaanza kutikisa kichwa kukubali, mwanzo polepole, baadaye kama aliyeasisi mila hiyo mwenyewe.

"Basi na mimi nifungwe," akasema mgeni rasmi. "Kabla ngoma haijaanza. Nipige nayo picha."

Mkisikia serikali imesema, mnajua kinachofuata. Gidahoda alikuja mbio nyuma ya turubai, jasho linamtoka. Bandeji katika uwanja ule ilikuwa moja.

"Shemeji, vua hiyo."

Udamaiga alikuwa ndiyo kwanza amebana pini. "Nivue nini?"

"Hiyo ya gotini. Mgeni rasmi anaitaka."

"Ni yangu ya goti."

"Shemeji, tafadhali. Mheshimiwa amesimama."

Nilidhani Udamaiga atagoma, na kusema kweli nilitaka agome. Akainama, akachomoa pini, akaanza kuifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko bila haraka hata kidogo, kule nje mshereheshaji anaimba ili muda upite. Goti lilipobaki wazi wasichana waliacha walichokuwa wanafanya. Walikuwa wanavaa naye kila wiki, lakini nadhani hawakuwahi kuliangalia. Lilikuwa limevimba, linang'aa, halina umbo la goti. Yule wa simu akaishusha simu.

"Chukua," akasema Udamaiga. "Umesikia alichosema yule kijana? Bila hiyo, mchezaji haruki."

"Shemeji..."

"Ni mila."

Gidahoda akasimama na bandeji mkononi. Mimi nimeona wanaume wengi wakishindwa, ila mwanaume aliyeshindwa na mila iliyotungwa muda uleule nilikuwa sijamwona.

Udamaiga akatoka. Hakutokea njia ya wachezaji. Alizunguka turubai kwa upande wa wageni, akichechemea mbele ya watu wote, hajifichi, na alipofika mbele akaona kochi la mgeni rasmi lina nafasi upande mmoja. Akakaa. Mzee Ombay alinyanyua mkono, akaushusha. Mgeni rasmi akarudi kutoka kwenye picha zake, bandeji imefungwa juu ya kitenge, akamkuta.

Nilikuwa nimesogea nyuma ya kochi. Niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mama, wewe si ndiye wa ukutani? Huchezi?"

"Sina bandeji."

"Bandeji ipi?"

"Hiyo. Nimenunua duka la dawa, pale karibu na stendi. Goti linaniuma."

Mgeni rasmi aliangalia goti lake mwenyewe, akaangalia la Udamaiga, likiwa wazi pale. Nikasema moyoni, Paskalina, sasa ndiyo unafungwa wewe, na sio goti. Yule mama akainama karibu na sikio la Udamaiga.

"Kumbe ndiyo maana nasikia nafuu," akasema kwa sauti ya chini. "La kwangu lina mwaka wa pili. Unaikaza sana au unalegeza?"

"Juu legeza. Chini kaza. Usilale nayo."

"Niachie mpaka tumalize hotuba."

"Kaa nayo. Nina nyingine nyumbani."

Ngoma ikaanza. Wasichana waliingia wenyewe, waoga mwanzoni, wanatafuta kwa macho mtu wa kumfuata juu. Mtu huyo alikuwa kwenye kochi anakunywa maji ya chupa. Wakaruka. Hawakufika kwake hata nusu, lakini waliruka, na vumbi likaja mpaka kwetu. Udamaiga aliangalia mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja, midomo inahesabu mapigo. Alikuwa ameicheza ngoma ile tangu akiwa msichana na hajawahi kuiona kwa mbele.

"Yule wa kushoto anachelewa," akasema.

Hilo ndilo neno pekee alilotoa. Ila machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta.

Kuanzia siku ile hakuruka tena. Gidahoda angemwambia nini, mbele ya mtu aliyeketi kochi moja na mgeni rasmi? Akampa kiti, akamfanya mwalimu wa kikundi, na kazi hiyo anaifanya kwa ukali ambao wasichana wamenilalamikia. Mialiko haikupungua, iliongezeka, maana kila mahali walitaka kile kikundi cha nyeupe ya gotini. Gidahoda alinunua bandeji mpaka duka la dawa likaishiwa, na mimi nikasikia kuna mgonjwa aliyevunjika mkono akafungwa kwa kipande cha khanga. Wazee wa mstari wa pili walilalamika mwaka mmoja hivi. Mwaka uliofuata mmoja wao alikuwa anawaeleza wageni asili yake. Mzee Ombay anasema wazo la mchoro lilikuwa lake tangu mwanzo, na theluji alikuwa ananijaribu tu.

Siku ile ya ufunguzi, wageni walipoondoka na viti vinakusanywa, jua bado liko juu ya mlima, Udamaiga alikuja ukutani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujiona. Nilisimama pembeni. Mteja akikataa kazi, unafuta. Mwenye uso akikataa, unafanya nini?

Alianza chini. Aliangalia vidole, akaangalia vyake. Akapanda mpaka kwenye goti, akalishika lile la ukutani kwa kiganja, palipokuwa pamekauka. Akafika usoni, akakaa hapo.

"Nimezeeka hivi?"

"Ulikuwa unaumwa, dada."

"Hm." Akarudi hatua moja. "Nitakaa hapa miaka mingapi?"

"Rangi nzuri hiyo. Mvua ikiwa na adabu, utatuzika sote."

"Miaka yote hiyo nimekaa kwenye kreti, nasubiri, na watu wa mlimani hamkunipa hata kikombe cha chai."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mteja.

Wiki iliyofuata nilipanda basi nikarudi Katesh na makopo yangu. Mzee Ombay alipoona nafungua rangi alikuja mbio, nikamwambia ni marekebisho madogo, akaondoka akishika kichwa. Nikachora kikombe cha bati chini karibu na kreti, upande wa mkono wake wa kulia, mahali anapofikia bila kuinama sana. Nikaweka mvuke kidogo, kwa brashi kavu, msiutie maji maana utakuwa wingu. Watu wananiuliza mpaka leo kikombe kile kinaashiria nini, na nimesikia yule mshereheshaji ana jibu refu kuhusu ukarimu. Ni chai. Ina maziwa, na sukari nimeweka nyingi.